Ubishi wa Rubani na Fundi

Kazini walimwita Rubani. Jina hilo alipewa na mdogo wake mwenyewe, fundi wa mitambo wa kampuni hiyohiyo, siku aliyowasimulia wenzake wakati wa kula kwamba dada yake, mwanamke wa makamo anayeendesha kreni ya mnara na kunyanyua nondo za ghorofa zima bila kupepesa, hukaa kila Jumamosi mbele ya televisheni kutazama katuni za maroboti ya vita, na akibishiwa sana hususa chai. Watu walicheka, jina likaganda. Naye hakulikataa. Kati ya majina yote ambayo watu wa ujenzi wangeweza kumbandika mwanamke, hilo lilikuwa na heshima zake.

Na ni kweli alikuwa akisusa chai.

Ubishi wenyewe ulianza zamani, katika chumba ambacho mama yao alishonea nguo za watu. Televisheni iliwekwa karibu na cherehani ili watoto wakae machoni pake. Zilipoanza zile katuni, maroboti marefu kama maghorofa, na ndani ya kifua cha kila moja amekaa mtu anayeliongoza, dada na mdogo wake waliacha kugombania kiti wakaanza kugombania jambo jingine: roboti linaposhinda, ameshinda nani? Yule mtu aliye ndani, au chuma kilichomzunguka?

Dada alikuwa upande wa rubani. Mdogo wake alikuwa upande wa mashine. Wakakua, wakasoma, wakaajiriwa. Baba yao akafariki. Fundi akaoa, akahamia mtaa wa pili, lakini kila Jumamosi mchana alirudi kwa mama, na kila mmoja alikuwa bado upande wake.

“Ona,” alisema Rubani Jumamosi moja, akiionyesha skrini kwa kijiko. Msichana wa kwenye katuni alikuwa ndani ya roboti kuukuu, mkono mmoja umechomolewa kwenye roboti jingine na kuungwaungwa, na mbele yake kasimama adui ndani ya roboti jipya linalometameta. “Hana silaha, hana mafuta. Ana akili na mikono tu. Na atampiga.”

“Atampiga kwa sababu kipindi kilichopita wamemfungia injini mpya,” alisema Fundi. “Kabla ya hiyo injini alikuwa anakimbia kila siku. Huo ustadi alikuwa ameuacha wapi? Kwa shangazi yake?”

“Injini hiyohiyo ungempa mtu mwingine, angejigonga ukutani.”

“Labda. Lakini sikiliza, dada. Mashine ndiyo dari. Rubani hodari anaweza kuigusa dari, hawezi kuipita. Mchukue huyo hodari wako umpe toroli, utapata msukuma toroli hodari, basi.”

“Wengi hawaigusi hiyo dari. Wengi hawafiki hata mezani.”

Mama yao, aliyekuwa akifumua pindo la suruali ya mteja, aliinua uso. “Mimi naona anayeshinda ni aliyechora,” alisema. “Akitaka huyo afe, anakufa na injini yake.”

Wakacheka wote watatu. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa kabla ya siku ya upepo.

Siku hiyo Rubani alikuwa akipandisha fungu la nondo kwenye ghorofa ya juu. Mchana ulikuwa wa joto, bendera ya juu ya mnara imelala. Kisha upepo ukatoka nyuma ya jengo, mmoja tu, kama mtu aliyefungua mlango kwa kishindo. Fungu likaanza kujizungusha, halafu likayumba kuelekea kwenye jukwaa la mabomba, na kwenye jukwaa alikuwa amesimama mpiga ishara anayeielekeza kreni, mwanamume mfupi mwenye kizibao cha rangi ya chungwa ambaye sauti yake Rubani aliisikia redioni kutwa nzima kuliko sauti ya mtu mwingine yeyote duniani.

“Rubani, simamisha,” alisema ile sauti. “Rubani.”

Alijua la kufanya. Mzigo ukiyumba huukimbii. Unaufuata kwa mkono wa kreni mpaka kamba inyooke juu yake, nao unatulia wenyewe. Mikono yake ilikwisha kulifanya jambo hilo mara zisizo na hesabu. Lakini mikono ilikuwa juu ya vishikio na haikwenda popote. Aliiona kama mikono ya mtu mwingine aliyelala. Fungu likagonga bomba, likang'oa ubao, mpiga ishara akajitupa kifudifudi, na nondo zikapita juu ya mgongo wake. Ndipo mikono ikarudi. Akaufuata mzigo, ukatulia, akaushusha.

Hakuna aliyeumia. Aliposhuka, mpiga ishara alikuwa amekaa juu ya mfuko wa saruji, anasema mama yake alimwambia tangu zamani kuwa ufupi ni baraka. Watu wakacheka, naye Rubani akacheka zaidi yao wote. “Upepo ule,” wakasema. Msimamizi wa ujenzi naye akasema upepo. Yeye mwenyewe alijua kwamba upepo ulikuwa nusu tu ya habari.

Tangu hapo akaanza kwenda kazini mapema kuliko wengine, ili pasiwe na mtu chini ya kumwona anavyosimama katikati ya ngazi ya mnara, paji la uso limeegemea chuma baridi, akingoja moyo ushuke. Akaacha kunywa chai ya asubuhi, maana haikukaa tumboni. Viganja vilimtoka jasho hata akiwa nyumbani anakata vitunguu, akawa ananawa kila mara.

“Mbona siku hizi unanuka sabuni kama wodi ya hospitali?” mama yake alimuuliza.

“Grisi ya kazini, Mama. Haitoki.”

Na Jumamosi ikifika alibisha kwa sauti kubwa kuliko zamani. Rubani ndiye kila kitu. Chuma bila mtu ni sanamu. Alisema hivyo huku amekalia viganja vyake.

Kisha kampuni ikaleta kreni mpya. Fundi alipelekwa mafunzoni, akarudi anang'aa kama bwana harusi. Kreni ile ilikuwa na skrini iliyomwonyesha mwendeshaji uzito wa mzigo, umbali wake kutoka kwenye mnara, na nguvu ya upepo. Ilikuwa na kompyuta inayozuia mzigo kuyumba bila mtu kugusa kitu. Na mzigo ukizidi uzito kwa umbali ule, mashine yenyewe inagoma. Kreni ya zamani ikafunguliwa vipandevipande ikapakiwa kwenye lori. Rubani akasimama getini akiitazama inavyoondoka, akatafuta huzuni moyoni, akakuta nafuu. Nafuu hiyo ndiyo iliyomuuma.

“Hiyo niliyoifunga,” Fundi alisema Jumamosi iliyofuata, “hata Mama akipanda, mzigo unafika chini salama.”

“Mimi sipandi hata stuli,” alisema mama.

“Nasema kwa mfano. Mtu yeyote. Anakaa, anabonyeza, mashine inafikiri.”

Rubani aliweka kikombe chini. “Kwa hiyo mimi pale ni wa nini?”

Alilisema polepole, na haukuwa ubishi tena. Mama aliacha kushona. Siku nyingine Fundi angegeuza maneno kuwa mzaha. Siku hiyo aliendelea kuhesabu sifa za mashine, moja baada ya nyingine, haraka haraka, macho yake kwenye televisheni ambayo hata haikuwashwa. Dada yake alikuwa ameumia mno hata asilione hilo.

Majuma ya kwanza kreni mpya ilimtendea wema. Mzigo ulitulia kama chungu kichwani mwa mbeba maji. Akaanza tena kunywa chai ya asubuhi. Akajiambia, ikiwa mashine ndiyo iliyomwokoa, basi mdogo wake ameshinda ubishi na yeye amejishindia usingizi, na huo ni mgao wa haki.

Halafu siku moja, akipeleka ndoo kubwa ya zege kwenye kona ya mbali ya jengo, akahisi jambo mgongoni.

Kreni ya mnara inapobeba huinama kidogo kuelekea kwenye mzigo. Mwendeshaji haoni kwa macho. Anasikia kwenye nyayo na kiunoni, jinsi mtu aliyelala anavyosikia mwenzake amekaa ukingoni mwa kitanda. Siku ile mnara uliinama kama ulivyopaswa kuinama kwa ndoo iliyojaa. Lakini skrini ilisema mzigo ni mwepesi, mwepesi hata kuliko ndoo tupu. Aliivuta ndoo karibu, na namba ikarudi mahali pake kama mtoto aliyeshikwa na hatia.

Nani anasema uongo? Kabla ya siku ya upepo asingejiuliza. Sasa mwili wake ulikuwa shahidi aliyekwisha kumkimbia mara moja mahakamani. Huenda mnara haukuinama. Huenda ni woga umejifundisha kujifanya mgongo. Siku mbili baadaye likatokea tena, kona ileile. Hakusema. Aseme nini? Akisema, wataikumbuka siku ya nondo, watamshusha. Na mashine ile ilifungwa na mkono wa nduguye. Kusema mashine inaumwa ni kumtaja aliyeitibu vibaya.

Ijumaa msimamizi akatangaza kwamba Jumatatu zitaanza kupandishwa kuta za zege zilizotengenezwa kiwandani. Mzigo mzito kuliko yote waliyowahi kubeba pale. Zitakwenda kwenye ile kona ya mbali. Na chini ya kona ile ndipo palipopita njia ya wafanyakazi wote. Na mashine inayoona mzigo mwepesi haigomi.

Jumamosi Fundi alifika kwa mama kama kawaida, akamkuta dada yake hayuko mbele ya televisheni. Alikuwa amekaa kwenye vidato vya uani, chini ya nguo zilizoanikwa.

“Kipindi kimeanza,” Fundi alisema. “Yule msichana wako leo anapigwa.”

“Mashine yako hukosea?”

Fundi alibaki mlangoni. Swali kama hilo wakati mwingine wowote lingemfanya arukeruke. Alianza kubandua rangi ya mlango kwa ukucha.

“Kwa nini unauliza?”

“Nimeuliza tu. Hukosea?”

Alikaa naye kwenye kidato. Shati lililolowa lilimdondokea maji begani, hakusogea. “Siku tuliyoifunga,” alisema, “namba ya uzito ilianguka ghafla, halafu ikapanda. Mara moja tu. Nikamwambia yule mkuu wa mafundi walioileta, akasema izime, iwashe, uendelee. Nikaizima, nikaiwasha, ikawa sawa. Tangu siku hiyo kila jioni nyinyi mkiondoka mimi napanda naikagua. Sioni kitu, dada. Natafuta sioni.”

“Na mimi nimekaa mle ndani siku zote hizo.”

“Najua.”

“Hukuniambia.”

“Ningeanzia wapi? Kila Jumamosi nasema mashine haikosei.” Akajifuta uso. “Nilikuwa nasema ili nami niamini.”

Rubani alitaka kumkasirikia, na hasira ilikuja, lakini haikupata mahali pa kukaa, maana palikuwa pamejaa. Akasema, “Ile siku ya nondo haikuwa upepo peke yake. Niliganda. Mikono ilikuwa pale, haikutii. Mwenzangu nusura afe nami naangalia.”

Fundi akamgeukia.

“Nakaa hapa nakuambia rubani ndiye kila kitu,” aliendelea, “na asubuhi nasimama kwenye ngazi naiomba mashine yako inibebe. Sasa naona namba zinaanguka, na sijui kama zinaanguka kweli au ni mimi.”

“Kona ya mbali?”

“Umejuaje?”

“Sijajua. Mimi huikagua mzigo ukiwa karibu. Sijawahi kuwa mle ndani mzigo ukiwa mbali.”

Dirisha la jikoni lilikuwa juu ya vichwa vyao, na humo ikatoka sauti ya mama yao. “Nimesikia yote, msijisumbue kunihadithia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jumatatu mnasema, wote wawili, kabla hajapanda mtu.”

Jumapili ile ilikuwa ndefu. Rubani alifua nguo zilizokuwa safi.

Jumatatu asubuhi walimkuta msimamizi katika kontena lililogeuzwa ofisi, simu moja sikioni na nyingine inalia mezani. Nje ya geti malori yenye kuta yalikwisha kupanga mstari, na madereva wanapiga honi. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. Alikata simu, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Rubani.

“Nikuulize jambo, na usinikasirikie,” alisema. “Hii ni habari ya namba, au ni habari ya ile siku ya nondo?”

Rubani alihisi masikio yanawaka.

“Mpiga ishara aliniambia zamani kwamba uliganda,” msimamizi aliendelea. “Hakusema kwa ubaya. Nikafikiri mashine mpya itakutuliza. Sasa niambie ukweli.”

Mlangoni walikuwa wamesimama watu watatu wanne, mpiga ishara mmojawao, anatazama viatu vyake. Ulikuwa mlango mwepesi wa kutokea. Angeweza kusema ni kweli, ni woga, nipeni mapumziko, na mtu mwingine apande na ile namba.

“Naogopa,” alisema. “Hilo ni kweli, tangu siku ile naogopa kila siku. Na namba inaanguka mzigo ukienda mbali. Moja halifuti jingine, bosi. Yapo yote mawili.”

Msimamizi alichukua kofia yake ngumu. “Tupime.”

Yalikuwapo mawe ya zege ya kusawazishia kreni, kila moja uzito wake umeandikwa ubavuni. Likafungwa moja. Rubani akapanda, akalinyanyua karibu na mnara. Namba ikasoma sawasawa na maandishi ya ubavuni. Akalishusha, akalinyanyua tena. Sawasawa. Mara ya tatu, sawasawa. Redio ilikuwa wazi, akamsikia mtu chini akisema, “Ni woga wake tu huo,” na mwingine akacheka bila kucheka sana.

“Nimeona, dada,” ilisema sauti ya msimamizi. “Malori yananingoja.”

Mikono yake ilikuwa imelowa. Kilichomtisha wakati ule hakikuwa mzigo. Ni kwamba alianza kuwaamini.

Ndipo Fundi akaichukua redio. “Umelipima karibu, bosi. Karibu hata mimi naiona namba iko sawa kila jioni. Lipelekwe mbali.”

“Mbali kuna watu wanapita.”

“Waondolewe.”

Honi moja ikalia getini. Halafu filimbi ya msimamizi ikalia mara mbili, na Rubani akaona kutoka juu vizibao vya rangi vinatoka kona ile, kimoja kimoja, kwa uvivu wa watu wanaoamini wanapotezewa muda. Muda kidogo baadaye kibanda cha mwendeshaji kikatikisika. Mdogo wake alikuwa amepanda, anahema, akajibana nyuma ya kiti kama mzigo uliosahaulika.

“Twende,” alisema.

Akalinyanyua jiwe. Akalipeleka. Kitoroli kinachobeba ndoano kikateleza polepole kwenye mkono wa kreni, na namba ikabaki vilevile. Nusu ya mkono, vilevile. Wakapita nusu. Rubani alikuwa akiomba ianguke, na akiogopa kuomba hivyo. Mnara ukaanza kuinama chini ya nyayo zake.

“Umesikia?” aliuliza.

“Nimesikia nini?”

“Unainama.”

“Mimi sisikii kitu,” alisema Fundi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesikitika.

Kitoroli kikaingia sehemu ya mwisho ya mkono, na namba ikaanguka. Haikushuka kidogokidogo. Ilianguka kama kitu kilichoachiwa, kutoka uzito wa jiwe hadi chini ya nusu, ikabaki hapo.

“Nimeiona,” alisema Fundi. “Dada, nimeiona. Rudisha.”

Akakirudisha kitoroli. Lakini kompyuta, ikiamini imebeba kitu chepesi, ilikivuta kwa nguvu, na jiwe likabaki nyuma, likaja likapitiliza. Kompyuta ikaona mzigo unayumba, ikausahihisha. Kila sahihisho likawa kubwa kuliko kosa. Jiwe likaanza kwenda huku na huku juu ya kona ile tupu, na kila likienda kibanda kiliitika.

“Kizime kizuia kuyumba,” alisema Rubani.

“Swichi iko chini ya kiti, nyuma ya kifuniko.” Fundi alikwisha kupiga magoti, anapapasa. “Nikizima, inabaki yote mikononi mwako.”

“Zima.”

Kukasikika mlio mdogo, na skrini ikapoteza rangi zake. Kreni ikawa kreni tu. Rubani aliitazama mikono yake juu ya vishikio, na ilikuwa imelala vilevile kama siku ile.

“Imekataa,” alisema. “Mikono imekataa.”

Fundi alikuwa bado sakafuni, shavu karibu na kiatu chake, haoni nje. “Usiiangalie,” alisema. “Mimi sioni kitu huku. Niambie jiwe liko wapi.”

“Kulia. Liko mbali kulia.”

“Haya. Sasa?”

“Linarudi. Linarudi, limepita katikati. Linakwenda kushoto. Limefika mwisho, limesimama kidogo, linarudi.”

“Endelea kuniambia.”

“Linakuja katikati. Sasa kulia tena, mkono unalifuata,” alisema, na hapo ndipo alipojua kwamba mkono wa kreni ulikuwa unalifuata kweli, na kwamba hakuna mwingine aliyeuongoza. Hakuthubutu kunyamaza. Aliendelea kumsimulia mdogo wake, neno kwa neno, kama anayemsomea kipofu barua, huku kamba ikinyooka na mwendo ukipungua, mpaka jiwe likawa linatetemeka tu juu ya mahali pamoja. Akalivuta karibu, akalishusha. Lilitua upande, likavunja rundo zima la mbao za kufungia zege. Hakujali.

Walikaa mle kibandani muda mrefu. Fundi hakutoka sakafuni. Alisema miguu imekufa ganzi, na dada yake akamwacha aseme hivyo.

Mafundi walioileta mashine walirudi wakagundua waya wa kipima uzito ulikuwa umechubuka mahali unapojinyoosha kitoroli kikienda mbali, mahali ambapo hakuna aliyetazama kwa sababu mashine ikipumzika waya huo hujikunja na kulificha jeraha. Wakabadilisha. Malori yalirudishwa, na msimamizi alikula maneno makali kutoka kwa wakubwa wake. Hakumsifu mtu, wala hakumlaumu. Ila aliagiza kwamba tangu siku hiyo, kreni ikifungwa au kurekebishwa, fundi aliyeigusa apande na mwendeshaji kwa mizigo ya kwanza, hadi mwisho wa mkono. Fundi hupanda. Anakiri hajaweza bado kusikia mnara ukiinama, na jambo hilo linamuudhi.

Rubani mwenyewe aliomba kushushwa kwa muda. Alifanya kazi chini, pamoja na mpiga ishara, na siku za kwanza walipeana maneno ya kazi tu.

“Ungeniambia mimi kwanza,” hatimaye alimwambia.

“Ningekuambia vipi?” alisema mpiga ishara. “Ulikuwa unashuka unacheka kuliko sisi wote. Nilifikiri ukiacha kucheka utaanguka.”

Alikwenda zahanati pia. Muuguzi alimfundisha namna ya kuvuta pumzi, ikamsaidia kiasi. Kilichomsaidia zaidi ni kuzungumza, na hilo alilifanya mezani kwa mama yake, kwa sauti, mpaka mama akasema sasa ameanza yeye kuota makreni. Jumamosi ziliendelea. Walipouliza nani ameshinda, rubani au roboti, Rubani akawa anasema inategemea, na Fundi akasema hilo ni neno la walioshindwa, na chai ikasuswa tena kama zamani.

Juu kule waliazima mwendeshaji kutoka ujenzi mwingine, kijana wa watu, makini. Rubani alimtazama kutoka chini kila siku, shingo imemkaza, akiuona kila mzigo kabla haujayumba, na aligundua kwamba kutazama kulimtisha kuliko kushika. Mvua zilipoisha alikwenda kwenye kontena akasema anataka kurudi.

“Woga umeisha?” msimamizi aliuliza.

“Haujaisha.”

Msimamizi akampa ufunguo.

Alipanda asubuhi hiyo wakati kila mtu yuko uwanjani. Mzigo wa kwanza ulikuwa tangi la maji la kuweka juu ya paa, jepesi lakini lenye kushika upepo. Alilisogeza akitaja kwa sauti ya chini kila lilikokwenda, peke yake mle kibandani. Tangi likafika juu ya paa, likazunguka kidogo, likakaa. Mpiga ishara akaifungua ndoano. Alipoirudisha ndoano chini, walikwisha kuandaa fungu la nondo, wanamngoja.